Kidongo Chekundu: Tabora ni mtaa, Unguja ni tusi

Chukulia mtoto wa darasa la tano amehama na wazazi wake kutoka Tabora kwenda Unguja. Siku ya kwanza shuleni wenzake wanamzunguka na kumuuliza kwao ni wapi. Anajibu kama alivyozoeshwa nyumbani tangu mdogo, asije akapotea sokoni: “Kwetu Kidongo Chekundu.” Darasa zima linaangua kicheko. Mmoja anamuuliza alitoroka lini. Mwingine anasogeza dawati.

Mtoto hana kosa, na wenzake hawajatunga kitu. Wamesikia jina moja, kila mmoja akaelewa lake.

Tabora, Kidongo Chekundu ni kata ya Manispaa, kama zilivyo Chemchem, Gongoni, Isevya, Ipuli, Kanyenye, Mtendeni na Ng’ambo. Watu wamejenga, wanapanga, wanauza mchicha. Jina hilo linaandikwa kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, kwenye fomu ya shule na kwenye barua ya serikali ya mtaa, na hakuna karani anayeinua macho kumtazama mara ya pili aliyelitaja. Unguja mjini, Kidongo Chekundu ni eneo ilipo hospitali ya wagonjwa wa akili, iliyopo tangu enzi za ukoloni. Huko mtu akisema fulani “apelekwe Kidongo Chekundu”, hamwelekezi njia. Anamtukana.

Dar es Salaam nako kuna Kidongo Chekundu, karibu na Mnazi Mmoja na Kariakoo, na huko jina linaleta picha nyingine kabisa: mpira. Ni viwanja, na tangu 2015 ndipo ulipo uwanja wa michezo wa vijana uliopewa jina la Rais mstaafu Jakaya Kikwete. Miji mitatu ina jina lilelile. Mmoja mtoto akilitaja hapati hata jicho, wa pili anaombwa acheze winga, wa tatu anachekwa.

Kwa nini jambo hili liko kwenye ukurasa wa familia? Kwa sababu jina la mahali, likishageuka tusi, linaanza kuamua ni lini mzazi atampeleka mtoto wake hospitali.

Udongo na dongo

Jina lenyewe halina siri. Udongo ukiwekewa ki- unakuwa kidogo, kidongo, na rangi yake inafuata: chekundu. Ni mahali penye udongo mwekundu, basi. Tabora udongo wa namna hiyo si haba, na ndio uliotumika kukandika kuta na mapaa bapa ya nyumba za tembe zilizoujaza mji huo wa zamani. (Mtoto anayebandua udongo ukutani na kuula, au mama mjamzito asiyeweza kuuacha, apimwe wingi wa damu, hamu hiyo mara nyingi hufuatana na upungufu wa damu. Lakini hayo yana wiki yake.)

Kiswahili cha mitaani kina dongo la pili, lile la maneno. Mtu “akirusha madongo” anamsema mwenzake kwa mafumbo ili limuume. Ukilitazama kwa jicho hilo, la Unguja limekuwa kidongo kweli: hakuna anayelisikia akafikiria ardhi.

Katikati ya karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikakatisha Ugogo, ikafika Unyanyembe. Hapo iligawanyika, nyingine ikaendelea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Waingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Novemba 1857 waliandika jina la mahali hapo kuwa Kazeh. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliojenga hapo walikuja na lugha ya pwani, na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi baharini walirudi nayo. Ndiyo maana hadi leo ukipita mitaa ya Tabora unakutana na majina mawili mawili ya asili tofauti: Itetemia na Isevya upande mmoja, na upande mwingine Ng’ambo, Mtendeni, Chemchem, Kidongo Chekundu.

Tatu kati ya hayo, yaani Ng’ambo, Mtendeni na Kidongo Chekundu, yapo pia Zanzibar mjini. Ng’ambo ya Unguja ilikuwa upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na mitaa ya watu wa kipato cha chini. Mtendeni ni penye mtende. Mtu wa msafara aliyefika Tabora amechoka, baada ya miezi njiani, angeweza kuelekezwa kwa maneno ambayo tayari alikuwa nayo.

Na jina la mji wenyewe? Maelezo yanayosimuliwa zaidi ni kwamba Tabora imetokana na matoborwa, viazi vitamu vinavyochemshwa, kukatwa na kuanikwa juani hadi vikauke, chakula kisichoharibika upesi, cha safari na cha njaa. Mji mzima umeitwa kwa kitafunwa cha mtoto. Hakuna aliyewahi kuona aibu.

Jina hupanda, jina hushuka

Historia ya eneo hilo ina mfano wa jina lililopanda kuliko yote nchini. Wanyamwezi na Wasukuma waliyaita makazi ya mtemi ikulu. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipambana na Wajerumani hadi Januari 1893, ngome yake ilipozidiwa, akawasha ghala la baruti kuliko kujisalimisha. Mtemi alikwenda, neno likabaki, likasafiri njia ileile ya misafara kurudi pwani. Leo kila mtoto wa Kitanzania anajua Ikulu ni kwa Rais, na wachache wanajua kwamba ni neno la watu wa magharibi.

Urambo nao ulipata jina kwa mtemi Mirambo, aliyefariki 1884, na jina hilo la kivita linaelezwa kuwa na maana ya maiti. Lilikusudiwa kutisha. Sasa Urambo ni wilaya inayolima tumbaku, mtu anaitaja stendi akikata tiketi bila kumtisha yeyote.

Kwa hiyo maana haikai ndani ya jina kama mbegu ndani ya embe. Watu huiweka, na huibadilisha. Kidongo Chekundu cha Unguja kilishuka kwa sababu ya ugonjwa ambao jamii iliamua kuuonea aibu. Kama pale pangejengwa hospitali ya macho, leo lingekuwa jina tu.

Bara wasicheke

Msomaji wa bara anaweza kudhani haya ni mambo ya visiwani. Ajiulize mara ya mwisho alisikia lini mtu akisema “huyu ana faili Mirembe”.

Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko Dodoma, imekuwepo tangu 1927. Pamoja nayo kuna Isanga, wanakohudumiwa wagonjwa wanaoletwa kwa amri ya mahakama. Ukiitazama ramani, Dodoma iko Ugogo, palepale ilipopita misafara, na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 inafuata mwelekeo huohuo. Familia ya Tabora inayompeleka ndugu yake Mirembe kwa treni inasafiri njia ya wapagazi kuelekea mashariki, na wakati mwingine inasafiri usiku makusudi, majirani wasione.

Nchini Uganda, Mirembe ni jina la mtoto wa kike na maana yake ni amani. Kanda ya Ziwa na magharibi wapo wasichana wengi wanaoitwa Milembe, na wazazi wao waliwapa jina hilo kwa upendo. Binti huyo akipangiwa shule ya bweni Dodoma au Dar es Salaam, anaanza kuonja kile ambacho mtoto wetu wa Kidongo Chekundu alikionja Unguja. Amani imegeuzwa kejeli, na aliyeigeuza hata hakumaanisha ubaya. Alikuwa anatania tu.

Wakenya wana Mathari, hospitali ya Nairobi iliyofunguliwa 1910. Waganda wana Butabika, ya Kampala, iliyofunguliwa 1955. Kote mzaha ni uleule, hubadilika jina la kituo. Waingereza walitangulia: nyumba ya watawa iliyoanzishwa London mwaka 1247 kwa jina la Bethlehemu baadaye ilihudumia wagonjwa wa akili, watu wakalifupisha jina hilo kuwa Bedlam, na mpaka leo kwa Kiingereza neno hilo ni vurugu na makelele. Mji aliozaliwa Yesu umeishia kuwa neno la fujo. Marekani, pembezoni mwa New York, kuna Willowbrook, jina zuri la kijito na miti ya mierebi. Palifunguliwa taasisi ya watoto wenye ulemavu wa akili mwaka 1947. Mwaka 1972 televisheni ilionyesha watoto hao wakiwa uchi na wachafu, wamerundikwa bila uangalizi, na taasisi ilifungwa 1987. Kwa Wamarekani wa umri fulani kijito hakionekani tena ndani ya jina hilo.

Tofauti moja ni muhimu. Willowbrook ilichafuka kwa yale waliyotendewa watoto. Mirembe na Kidongo Chekundu zinachafuliwa kwa sababu tu zinatibu.

Gharama ya mzaha

Mzazi aliyekua akisikia “utapelekwa Mirembe” kama tishio, siku mwanawe mwenyewe anapoanza kuongea peke yake au kukesha siku nne bila usingizi, hospitali ndiyo mahali pa mwisho anapopafikiria. Ataanza kwa mganga. Ataenda kwenye maombi. Atamfungia chumbani, akidhani anamstahi. Kwenda kwenye maombi si kosa, kosa ni miezi inayopotea huku dawa ikisubiri.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasa la watoto 50 lina kama 7. Wengi wao hawatawahi kuokota makopo barabarani. Ni yule aliyekuwa wa tatu darasani, sasa ni wa 40 na haelezi kwa nini. Ni binti aliyeacha kula na wenzake. Ni mvulana anayesema anasikia sauti, halafu anasema alikuwa anatania kwa sababu ameona uso wa mama ulivyobadilika. Mtoto anayezungumzia kufa asiambiwe aache ujinga. Akae na mtu mzima, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tabora kuna sababu nyingine ya kutochelewa. Mkoa huo ni miongoni mwa yenye malaria nyingi zaidi nchini. Malaria kali ikifika kwenye ubongo, mtoto hupata degedege, hupoteza fahamu, na mtu mzima au kijana anaweza kuweweseka na kupigana hadi watu wakasema amerukwa na akili. Homa pamoja na maneno yasiyoeleweka ni dharura ya hospitali usiku huohuo, kabla ya mjadala wowote kuhusu nani kamroga nani. Na baadhi ya watoto wanaopona malaria ya namna hiyo hubaki na kifafa, ugumu wa kuongea au tabia iliyobadilika. Mtoto aliyekuwa mtulivu anakuwa mkorofi shuleni, anachapwa kila siku kwa kosa ambalo ni kovu la ugonjwa.

Kifafa chenyewe ni ugonjwa wa mfumo wa fahamu. Si wazimu, si pepo, na povu la mdomoni haliambukizi. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka iwapo watatambuliwa na kutumia dawa ipasavyo. Dawa hizo humezwa kila siku, hata wiki ambayo mtoto hajaanguka, na kuziacha ghafla kunaweza kuleta mshtuko mbaya kuliko wa kwanza. Nyumba yenye mtoto wa kifafa na mafiga chini iangalie sana upande wa moto, maana mtoto akianguka karibu na moto anaweza kuungua vibaya.

Akianguka, muondolee vitu vigumu vya karibu, legeza nguo shingoni, na mtetemeko ukipungua mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni wala kidole. Usimnyweshe maji, maziwa, wala kumpaka mafuta ya taa. Tazama saa: ikizidi dakika 5, au akianza tena kabla hajazinduka, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, tafuta usafiri.

Kubadilisha jina?

Wapo wanaopendekeza hospitali hizi zibadilishwe majina. Nairobi walijaribu mapema: kituo kilichofunguliwa 1910 kiliitwa kwa Kiingereza nyumba ya vichaa, mwaka 1924 kikaitwa hospitali ya akili ya Mathari, na baada ya uhuru likabaki jina la Mathari peke yake. Mzaha uliruka kutoka jina la kwanza hadi la mwisho bila kupoteza pumzi.

Kiswahili nacho kimefanya mzunguko huo. Kulikuwa na kichaa, mwehu, mwendawazimu, majinuni. Ikaja “mgonjwa wa akili”, ikachakaa. Sasa maofisa wanasema “mwenye changamoto ya afya ya akili”, na vijana tayari wameifupisha kuwa “ana changamoto”, wakisindikiza kwa kidole kichwani. Changamoto ni neno ambalo siku hizi limebebeshwa kila kitu, kuanzia foleni ya magari hadi saratani, na hapa limeshindwa mzigo. Afadhali mzazi aseme ugonjwa kwa jina lake: sonona, kifafa, skizofrenia. Sonona haijawahi kuchekesha mtu.

Pengine pa kuanzia ni meza ya chakula. Baba anayesema “ukiendelea hivyo nitakupeleka Mirembe” hamfundishi mtoto adabu; anamfundisha pa kutokwenda atakapougua. Walimu pia. Na mtoto anayehama mji, kabla hajaanza shule mpya, aambiwe jina la mtaa wao lina maana gani huko aendako, ili kicheko kisimkute mikono mitupu. Anaweza kujibu kwamba kwao ni Kidongo Chekundu cha Tabora, kwamba kile cha Unguja ni hospitali, na kwamba hospitali wanakwenda wagonjwa. Si lazima wanyamaze, ila angalau yeye hatalia.

Mzazi mwenye wasiwasi hahitaji kuanza na safari ya Dodoma wala ya kisiwani. Aanze zahanati au kituo cha afya cha karibu, atakakopewa rufaa akihitaji. Kwa Tabora, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Kitete. Aende na maelezo yaliyoandikwa, hata kwenye simu: tatizo lilianza lini, mtoto analala saa ngapi, anakula nini, aliwahi kuugua malaria kali, dawa gani ametumia zikiwemo za mitishamba. Kama ni kuanguka, mwanafamilia amrekodi kwa simu sekunde chache huku mwingine akimhudumia, kwa sababu mtoto akifika kwa daktari mara nyingi ameshatulia na hakuna cha kuona. Na video hiyo aonyeshwe daktari, isitumwe kwenye kundi la ukoo.

Wachache watakaofika Mirembe watarudi na karatasi ya kuendelea na dawa karibu na nyumbani. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na kadi ya kliniki, kwenye mfuko uleule wa plastiki, ile kadi iliyoandikwa jina la mtaa.